Maji ya Mvua kwenye Kiti cha Mama Mkwe

Ni mimi niliyeitoa ile raba. Nimekana mbele ya mume wangu, nimekana mbele ya wifi yangu, na hata kanisani nilipokwenda kuungama niliorodhesha hasira, uvivu na umbea, hilo nikaliruka. Leo nakubali. Raba ya mlango wa nyuma wa kushoto haikuchakaa, haikuliwa na panya, wala haikuibwa na waosha magari. Niliagiza itolewe, nikasimama pale nikiiangalia inatolewa, kisha nikawekewa kwenye mlango wangu.

Na aliyekuwa akikaa kwenye ule mlango wa nyuma ni mama mkwe wangu.

Usinionee huruma bado. Hujasikia kitu.

Mimi ni mwanamke wa makamo, nimesoma chuo kikuu, naandika makala. Huenda umewahi kuzisoma, au umefungiwa maandazi nazo. Msimu uleule nilipofanya ninayokuhadithia, niliandika moja ndefu kuhusu kuwatunza wazee wetu. Watu walinipongeza! Mwalimu mmoja mstaafu alinisimamisha sokoni Kayanga akaniambia machozi yalimtoka. Nikamshukuru, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikaingia kwenye gari langu lisilopitisha upepo.

Hilo gari ni dogo, la rangi ya kahawia, kuukuu. Mume wangu alilipa jina la Bihogo, jina tunalowapa ng'ombe wa rangi hiyo, na kweli lilikuwa kama ng'ombe aliyezeeka zizini: halifai kuuzwa, halifai kuchinjwa. Yeye haliendeshi tangu macho yalipoanza kumsumbua. Dereva ni mimi.

Tatizo lilianza na raba za milango. Unazijua, ule mpira mweusi unaozunguka mlango na dirisha ili vumbi na maji yabaki nje. Gari likizeeka zinakauka, zinapasuka, zinakuwa ngumu kama ganda la ndizi lililosahaulika juani. Ya mlango wangu ilikuwa imekatika juu, karibu na sikio. Nikifika mwendo wa kawaida, filimbi inaanza. Filimbi kutoka Kayanga mpaka Kyerwa! Na kiangazi vumbi lile jekundu linaingia hapohapo, kwa hiyo nilikuwa nafika mikutanoni shavu moja jekundu na jingine jeusi. Siku moja mtendaji wa kata aliniuliza kama ninaumwa upande.

Nikampeleka Bihogo kwa fundi pale Omurushaka, mtu mnene, mcheshi, asiyefunga mdomo. Akazunguka gari akibonyezabonyeza raba kwa kidole gumba.

"Mama, hizi haziji tena. Gari lenyewe limeshasahauliwa na waliolitengeneza. Labda tusubiri lingine kama hili lipate ajali, Mungu apishe mbali, tuchukue zake."

"Hakuna hata moja nzima?"

"Moja tu. Hii ya nyuma kushoto. Anayekaa hapa anafunga mlango taratibu."

Ni kweli. Mama mkwe alikuwa anafunga mlango wa gari kama anafunga mlango wa kanisa misa ikiendelea. Sisi wengine tulikuwa tunabamiza.

"Itoe hiyo," nikasema, "uniwekee mbele."

"Na nyuma?"

"Nyuma weka chochote."

"Naweza kubandika tyubu ya baiskeli kwa gundi. Kiangazi itakaa. Mvua zikianza, sikuahidi. Kwani huku nyuma anakaa nani?"

"Mama mkwe."

Aliweka bisibisi chini, akacheka mpaka akaegemea boneti. "Ungesema mapema, mama! Basi hata hiyo tyubu tunaiharibu bure!"

Nami nikacheka. Nilicheka kwa moyo wote, nikafuta machozi. Raba ya nyuma ni fupi kuliko ya mbele, kwa hiyo akaunganishia chini kipande cha ile kuukuu kilichokuwa bado kizima. Nyuma akabandika vipande vya tyubu, akavipaka mafuta vikang'aa. Ungevitazama ungesema ni kazi ya kiwandani.

Nikaondoka bila filimbi. Kimya kitamu kilichoje! Nilijisikia tajiri.

Sasa utaniuliza, mama mkwe alikuwa amenikosea nini?

Alikuwa na ulimi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mjane aliyesomesha watoto kwa kahawa na ndizi za shamba lake la Mabira, mwenyekiti wa akina mama kigangoni, na hakuna aliyemshinda maneno. Mara ya kwanza aliponiona namenya ndizi aliita watu. "Njooni muone! Huyu alisomea kumenya chuoni, sasa anafanya mtihani!" Mbele ya wageni alikuwa akisema, "Mkwe wangu anaandika magazetini jinsi ya kulima. Mgomba wenyewe akiuona anauamkia." Watu walikuwa wanavunjika mbavu. Na mimi nilicheka, maana ilikuwa inachekesha. Lakini nilikuwa naweka moyoni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeweka akiba.

Karibu kila mwisho wa wiki tulikwenda Mabira, na Jumapili tulimpeleka kanisani. Mume wangu mbele pembeni yangu, Mama nyuma kushoto. Hapo ndipo alipopenda kukaa. Alisema anataka kuona mashamba ya watu na kuyahukumu.

Mvua za vuli zikaanza.

"Mkwe," akasema Jumapili ya kwanza, "dirisha lako linalia."

"Linalia vipi, Mama?"

"Linanililia begani."

"Ni mvuke, Mama. Nje pakiwa na baridi na ndani pana joto, kioo kinatoka jasho. Ni kawaida."

Unaona? Ndiyo faida ya elimu. Mtu asiyesoma angesema tu "sijui".

Mume wangu akatikisa kichwa kukubali maelezo. Mama akanitazama kwenye kioo cha dereva, akasogea kidogo.

Kumbe tone la begani lilikuwa dogo. Maji mengi yalikuwa yanateremka kwa ndani ya mlango, yanakwenda chini ya kitambaa cha siti, yanakaa kwenye sponji. Juu panaonekana pakavu. Ukikaa, uzito wako unayapandisha. Na kiti hicho niliwahi kukimwagia maziwa nikitoka nayo Kyerwa, kwa hiyo sponji ikilowa inatoa harufu. Harufu gani, sina haja ya kukuambia.

Hayo yote niliyajua kabla ya siku ya kipaimara. Niliyajua! Nilikuwa nimeshakibonyeza kiti kwa mkono wangu, maji yakatoka, nikafuta mkono kwenye sketi. Nilipanga kushughulikia. Nilikuwa na makala ya kumaliza kwanza.

Kipaimara kilikuwa cha mtoto wa wifi yangu Adventina, aliyeolewa Isingiro. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha Mabira, gari likiwa nje. Asubuhi jua likatoka safi. Mama akatoka ndani amevaa gauni la gomesi, jipya, la rangi ya maziwa, aliloshonesha kwa siku hiyo, na kikapu chake cha emwani, zile kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye majani makavu ya mgomba, za kuwapa wageni.

"Bibi harusi!" mume wangu akamtania.

"Harusi ilinipita, mwanangu. Leo nakwenda kuwaonyesha watu wa Isingiro kwamba Mabira bado kuna wanawake."

Akaingia, akafunga mlango taratibu.

Barabarani nikamwona kwenye kioo cha dereva anajisogeza. Akajiinua kidogo. Akashika kiti kwa mkono, akautazama mkono. Nilijua anachokigusa. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, "Mama, hamia huku kulia, hapo panalowa." Ni maneno machache mno. Nikaongeza sauti ya redio.

Tukafika. Watu walikuwa wamejaa chini ya turubai, akina mama wakaja mbio na vigelegele kumpokea. Mama akashuka kwa madaha yake, akageuka kuchukua kikapu.

Vigelegele vikakatika katikati.

Nyuma ya ile gomesi ya rangi ya maziwa palikuwa na doa la maji, pana, lenye rangi ya vumbi pembeni, kuanzia kiunoni mpaka karibu na magoti.

Adventina aliruka, akafungua kanga yake, akamfunga mama yake haraka. "Mama! Vipi?"

"Ni gari," Mama akasema kwa sauti ya kawaida. "Gari lao linavuja."

Wote wakanitazama.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana miaka yote nimekuwa nikijitetea kwamba siku ile sikusema chochote kibaya. Na kweli sikusema! Kwetu huku mkwe hautaji mwili wa mama mkwe wake. Watoto nao hawawezi kumuuliza mzazi jambo kama hilo. Jambo likitokea, watu wanastiri, wanageuza macho, na asiyesema ndiye mwenye heshima. Kwa hiyo sikuhitaji kusema. Nilihitaji kunyamaza tu kwa namna fulani.

Nilichukua kitambaa. Nikainama, nikafuta kiti polepole, watu wakiona. Nikakikunja kitambaa, upande wa maji ukaenda ndani. Nikafungua milango yote minne ipitishe hewa. Halafu nikamshika wifi mkono, nikamwambia chini kwa chini, lakini si chini sana:

"Gari liko sawa, wifi. Tumwache tu Mama apumzike."

Adventina akaniminya mkono. Machozi yalimlengalenga. "Asante, wifi. Mungu akubariki."

Nikasikia bibi mmoja nyuma yangu anamwambia mwenzake, "Mkwe gani huyo! Anafuta bila hata kukunja uso. Wa kwangu angenipigia yowe."

Nilisifiwa! Nikala wali na nyama, nikasifiwa. Na nitakuambia jambo ambalo sijawahi kuliandika: nyama ile ilikuwa tamu. Mama alikaa pembeni na kanga ya kuazimwa, kikapu cha emwani kikiwa mapajani, na hakuna aliyekuja kuchukua hata moja kutoka mikononi mwake. Wakati wa maneno ya wazee walimruka. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, alikuwa mahali penye watu na hakuna aliyecheka kwa ajili yake.

Nikafikiri: sasa tuko sawa.

Hatukuwa sawa. Mimi nilikuwa nimemchoma kisu, yeye alikuwa amenitania.

Habari ikatembea. Isingiro kuna bodaboda, na bodaboda zinabeba kila kitu. Wiki chache baadaye Adventina alikuja Mabira na kitambaa cha nailoni cha mezani, chenye maua, akakitandika kwenye kiti cha Mama sebuleni. Alifanya kwa upendo. Alichagua chenye maua mazuri.

Mama akakitazama. "Hiki cha nini?"

"Cha kupendezesha tu, Mama."

"Mbona viti vingine havijapendezeshwa?"

Mama hakukaa. Siku ile, mpaka tunaondoka, alisimama ameegemea mlango na kuzungumza nasi amesimama, mwanamke mwenye magoti mabovu. Halafu akamgeukia mume wangu.

"Mwanangu, nenda kashike kile kiti cha gari lenu. Kishike kwa mkono."

Mume wangu akanitazama. Nami nikatabasamu, lile tabasamu la manesi, nikasema maneno ambayo sasa nakula nayo na kulala nayo:

"Mama, tusibishane. Umri ni umri. Hata sisi tutafika huko."

Mume wangu hakwenda kushika kiti. Aliona aibu kumpima mama yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe, sikuhitaji hata kusukuma. Uenyekiti wa akina mama akauacha, akasema ni magoti. Kanisani akaacha. Mgeni akija, anatoka kwenda shambani, anakaa kwenye migomba mpaka aondoke. Na akaacha kunywa. Chai akaiacha, uji akauacha, maji akawa analowesha midomo tu. Alikuwa na akili yake timamu kabisa: kama ni hicho wanachokisubiri kitoke, basi hatakiingiza.

Sisi tukasema ni ukaidi wa uzee.

Akaugua. Homa, mgongo, maumivu ya kukojoa. Hospitalini daktari alituuliza, "Huyu bibi hanywi maji kwa nini? Mmemnyima?" Akasema kibofu kimeshambuliwa na figo zimeguswa. Wakamwekea mpira wa mkojo, na ule mfuko ukaning'inia pembeni ya kitanda, kila anayekuja kumjulia hali akiuona.

Nilikuwa pale kila siku. Nilimenya machungwa. Manesi walinipenda.

Siku moja tulibaki wawili. Akafumbua macho.

"Bihogo hajambo?"

"Hajambo, Mama."

"Bado analia?"

Kisu cha machungwa kikanikata kidole. "Hapana, Mama. Mvua zimepungua."

"Eee," akasema. "Mvua zimepungua." Akafumba macho tena. Sikujua kama anatabasamu.

Alirudi nyumbani amekonda. Sasa sikiliza nilivyolipa.

Jioni moja ya masika mume wangu na mimi tulikuwa tunarudi Kayanga. Kiti cha mbele tulikuwa tumepakia mkungu wa ndizi na magunia, kwa hiyo yeye akakaa nyuma. Nyuma kushoto. Nilisahau! Akili yangu yote ilikuwa barabarani. Tulipofika akashuka, akasimama uani. Akashika suruali yake kwa nyuma. Akaunusa mkono.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alirudi kwenye mlango, akavuta ile raba, na tyubu ya baiskeli ikabanduka nzima, ikabaki mkononi mwake ikining'inia.

"Hii iliwekwa lini?"

"Sijui. Mafundi hao, wanabadilishana vitu."

"Raba yake iko wapi?"

"Nitajuaje mimi?"

Akazunguka mpaka mlango wangu, akaufungua, akapitisha kidole kwenye raba, taratibu, kutoka juu mpaka chini, mpaka kwenye kile kiungo. Kidole kikasimama pale.

"Naapa sijui," nikasema. "Naapa mbele ya Mungu."

Alichukua begi, akapanda bodaboda mpaka stendi. Tangu siku hiyo anaishi Mabira kwa mama yake. Ananipigia simu kuuliza kama luku imekwisha, kama mbwa amekula. Hajaniita kwa jina langu tena. Na mimi niliendelea kukana! Nilimwandikia ujumbe mrefu, wenye aya, wenye mantiki, nikieleza jinsi raba za magari ya zamani zinavyoweza kubadilika umbo kwa joto. Ulikuwa umeandikwa vizuri sana. Hakujibu.

Wiki iliyopita yule fundi wa Omurushaka alinipigia. Gari kama la kwangu limepata ajali kule bondeni, hakuna aliyekufa, raba za milango ya nyuma ni nzima. Nikaenda kuichukua ya kushoto. Akataka kuiweka, nikakataa. Niliiweka mwenyewe, uani kwangu, mchana, majirani wakinitazama juu ya ua.

Nilikwangua gundi ya zamani kwa kisu butu. Nikasafisha fremu kwa kitambaa chenye petroli mpaka chuma kikang'aa, maana raba haishiki juu ya uchafu. Nikaanzia juu, kwenye kona, nikaibonyeza kwa vidole gumba, kidogo kidogo, bila kuivuta, kwa sababu ukiivuta leo, kesho itajirudi na kuacha mwanya. Kiungo nikakiweka chini, mahali maji hayasimami. Kucha zangu zilivunjika. Halafu nikamwaga ndoo ya maji juu ya mlango, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti cha Mama na kusubiri.

Halikuingia hata tone.

Nililia humo ndani kwa sauti, milango imefungwa, na raba mpya haikuruhusu hata jirani anisikie.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi. Kazi ya mchana mmoja. Kwa hiyo nakuambia wewe mwenye gari kuukuu na wakwe walio hai: usiniulize kuhusu gundi. Kashike kiti. Mzee akikwambia kitu chako kinavuja, weka mkono pale anapokuonyesha, mbele ya watu, kabla hujafungua mdomo wako uliosoma. Na ukishakosa, sema siku hiyohiyo, hata kama utachekwa mpaka kufa. Usisubiri upate kwanza raba nzuri. Mimi nilisubiri, nikidhani ukweli ni kitu cha kuhifadhi, kwamba nitautoa siku nitakapokuwa tayari na utafanya kazi ileile.

Nikajifuta uso, na nikiwa bado nimekaa pale nikapiga simu Mabira. Alipokea Mama mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani?"

"Ni mimi, mkweo."

Nikasikia kuku wake.

"Mama, nimebadilisha raba ya mlango wako. Ile ya kwanza niliitoa mimi. Yale maji ya siku ya kipaimara yalikuwa ya mvua. Nilijua. Nilijua tangu mwanzo."

"Na mimi nilijua," akasema. "Unafikiri nimezaa na kuzika, nimefika umri huu, sijui maji yangu?"

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Nilisema. Ulinijibu mbele ya wanangu."

Nikasema kwamba Jumapili nitakwenda, nitawakusanya wote, Adventina na watu wa kigango, nitasimama na kuwaambia kila kitu.

"Usije."

"Mama, lazima wajue."

"Mwanangu naye alikuja hapa na suruali mbichi, anataka kuwaita ndugu zake. Nikamkataza. Sasa nakukataza wewe." Akapumua. "Ukiwaambia, unajua watasema nini? Watasema, mkwe gani huyo, anasingizia mvua ili amstiri mama mkwe wake. Watakupigia vigelegele. Sitaki upigiwe vigelegele tena juu yangu."

"Mama, wataamini! Nitaleta hiyo tyubu, nitawaonyesha."

"Watanitazama mimi, binti. Wakinitazama wataona." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Tangu walipotoa ule mpira hospitalini, nalowa. Kila siku. Nailoni ya Adventina nimeikalia hapa ninapoongea na wewe. Ulichowaambia siku ile, sasa ni kweli."

Nikakishika kiti chake kwa mkono.

"Hiyo raba mpya ni nzuri?" akauliza.

"Nzuri, Mama."

"Haivuji?"

"Haivuji."

"Basi kaa hapo wewe," akasema, na simu ikakatika.